William Playfair

William Playfair (22 Septemba 1759 – 11 Februari 1823) alikuwa mhandisi, mchoraji na mwandishi wa masuala ya uchumi kutoka Uskoti. Anajulikana kama mwanzilishi wa grafu za takwimu. Mwaka 1786 alitoa kitabu chenye grafu za mstari zinazoonyesha biashara na fedha za nchi, pamoja na grafu ya nguzo. Mwaka 1801 alitoa grafu ya duara.

Katika michoro yake alitumia pia mistari ya gridi na mistari ya rejea, yaani mistari ambayo si takwimu yenyewe, bali humwezesha msomaji kuipima takwimu na kuilinganisha. Leo mistari hiyo huchorwa kwa amri moja katika programu za kompyuta. Wakati wa Playfair ilichongwa kwenye bamba la shaba, mmoja baada ya mwingine, na rangi zilipakwa kwa mkono.

Maisha yake hayakuwa na utulivu. Alifilisika, alifungwa kwa ajili ya madeni, na alihusishwa na mpango wa ardhi ulioziumiza familia nyingi za Wafaransa. Kwa sababu hiyo jina lake lilisahauliwa kwa muda mrefu, ingawa uvumbuzi wake ulienea duniani kote.

Utoto na malezi

Playfair alizaliwa Liff, karibu na mji wa Dundee nchini Uskoti. Baba yake, James Playfair, alikuwa mchungaji wa parokia ya Liff na Benvie. Mchungaji huyo alifariki mwaka 1772, William akiwa na umri wa miaka 12. Malezi yake na elimu yake vikawa jukumu la kaka yake mkubwa, John Playfair (1748–1819), ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na mtaalamu maarufu wa hisabati na jiolojia. Kaka mwingine, James (1755–1794), alikuwa msanifu majengo.

John alimpa mdogo wake zoezi ambalo lilikuja kuwa na matokeo makubwa. Alimtaka asome kipimajoto kila siku na kuandika matokeo. Hakutakiwa kuyaandika kwa namba tu, bali kuyaonyesha kwa mistari kwenye skeli iliyogawanywa sawasawa. Kwa njia hiyo siku ya baridi na siku ya joto zilionekana kwa jicho kabla hata ya kusoma namba. Playfair alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba wazo la grafu zake alilipata kwa kaka yake. Alijifunza kutoka kwake kwamba chochote kinachoweza kuelezwa kwa namba kinaweza pia kuonyeshwa kwa mistari.

Mwanagenzi na mchoraji wa mashine

Akiwa kijana Playfair alipelekwa kuwa mwanagenzi wa Andrew Meikle, fundi wa vinu anayekumbukwa kwa mashine ya kupura nafaka. Hapo alifahamiana na John Rennie, ambaye baadaye alikuwa mhandisi mashuhuri wa madaraja na bandari.

Mwaka 1777 alihamia Birmingham, Uingereza, akawa mchoraji na msaidizi wa James Watt katika kampuni ya Boulton na Watt iliyotengeneza injini za mvuke. Kazi yake ilikuwa kuchora sehemu za mashine kwa vipimo kamili. Fundi anayesoma mchoro wa namna hiyo huweka rula juu yake na kupata kipimo anachokihitaji. Mchoro ukikosewa, chuma hukatwa vibaya. Mazoea hayo ya kuchora kwa skeli aliyaendeleza alipoanza kuandika juu ya uchumi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1780 aliondoka kwa Watt na kuanzisha biashara ya vyombo vya fedha jijini London. Biashara hiyo haikufaulu, akageukia uandishi.

Atlasi ya Biashara na Siasa

Kitabu kilichomletea umaarufu ni The Commercial and Political Atlas, yaani Atlasi ya Biashara na Siasa, kilichotolewa London mwaka 1786. Ingawa kiliitwa atlasi, hakikuwa na ramani hata moja. Kilikuwa na michoro 44: michoro 43 ilionyesha mabadiliko ya kiasi fulani mwaka hadi mwaka, na mmoja ulikuwa grafu ya nguzo.

Playfair hakuwa wa kwanza kuchora namba. René Descartes alieleza matumizi ya aljebra katika jiometri mwaka 1637. Mwanasayansi Johann Heinrich Lambert (1728–1777) alichora vipimo vya fizikia. Joseph Priestley alitoa mwaka 1765 chati ya maisha ya watu mashuhuri wa historia, ambapo kila maisha yalikuwa mstari mfupi juu ya skeli ya miaka. Playfair aliijua chati ya Priestley. Jambo jipya lilikuwa kutumia grafu kwa mambo ya fedha na biashara, na kuwalenga wasomaji wasiokuwa wanasayansi.

Aliwaeleza kwa mfano wa mfanyabiashara. Mtu akiweka kila jioni sarafu alizopata siku hiyo katika rundo moja, na siku inayofuata rundo lingine kando yake, urefu wa marundo utamwonyesha siku nzuri na siku mbaya. Grafu, alisema, ni marundo hayo yaliyochorwa kwenye karatasi kwa kipimo kidogo.

Gridi

Mchoro unaojulikana zaidi katika atlasi hiyo unaonyesha biashara ya Uingereza na Denmark pamoja na Norwei kati ya mwaka 1700 na 1780. Mhimili wa chini umegawanywa kwa miaka, na upande wa kulia kuna skeli ya fedha yenye hatua za pauni 10,000. Kutoka kila muongo unapanda mstari wima, na kutoka kwenye skeli ya fedha inatoka mistari mlalo. Mistari hiyo inapokutana inafanya gridi ya vyumba.

Ndani ya gridi kuna mistari miwili iliyopinda. Wa njano ni wa bidhaa zilizoagizwa kutoka nchi hizo, na wa nyekundu ni wa bidhaa zilizouzwa huko. Mwanzoni mstari wa njano uko juu, maana yake Uingereza ilinunua kuliko ilivyouza. Katikati ya miaka ya 1750 mistari inakatana, na kuanzia hapo ule wa nyekundu uko juu. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo imepakwa rangi na kuandikwa kama urari wa biashara, kwanza wa hasara halafu wa faida.

Hapa umuhimu wa gridi unaonekana. Bila gridi, msomaji angeona kwamba mstari mmoja umeupita mwingine, lakini asingejua ni mwaka gani wala kwa kiasi gani. Akiwa na gridi anaweza kushuka kutoka kwenye nukta ya kukatana hadi kwenye mhimili wa miaka, kisha kwenda kulia hadi kwenye skeli ya fedha, na kupata majibu yote mawili. Msomaji halazimiki kukubali maneno ya mwandishi, kwa kuwa anaweza kupima mwenyewe.

Playfair aligundua pia kwamba gridi ikizidi inaharibu. Katika michoro yake ya mwanzo mistari ya gridi ilikuwa mingi, na ilishindana na mistari ya takwimu. Katika michoro ya baadaye aliipunguza ili takwimu zionekane kwanza.

Mistari ya rejea

Katika mchoro wa riba ya deni la taifa, Playfair alifanya jambo tofauti. Mistari wima haikuwekwa kila baada ya miaka 10. Aliiweka kwenye miaka yenye matukio: mapinduzi ya mwaka 1688, kutawazwa kwa malkia Anne na wafalme waliomfuata, mwanzo na mwisho wa vita, hadi vita vya uhuru wa Marekani. Kila mstari uliandikwa jina la tukio lake.

Msomaji akifuata mstari wa deni, anaona kwamba katika miaka ya amani unakwenda karibu sawa au unashuka kidogo, na kila vita vinapoanza unapanda. Playfair alitaka watu waone kwamba vita ndivyo vilivyolitia taifa madeni. Kama angetumia gridi ya kawaida, msomaji angelazimika kukumbuka tarehe za vita mwenyewe. Hivyo mstari wa rejea una kazi yake mbali na gridi. Gridi humsaidia msomaji kujua ni kiasi gani, na mstari wa rejea humwonyesha alinganishe na nini.

Uchaguzi huo una hatari yake pia. Anayeamua ni matukio yapi yapewe mstari ndiye anayeongoza jicho la msomaji. Tukio lisilopewa mstari halionekani.

Grafu ya nguzo

Grafu ya nguzo ilitokana na upungufu wa takwimu. Kwa Uskoti, Playfair alikuwa na hesabu za mwaka mmoja tu, kuanzia Krismasi ya 1780 hadi Krismasi ya 1781. Hakuweza kuchora mabadiliko ya muda. Kwa hiyo alichora nguzo za kulala, mbili kwa kila sehemu kati ya 17 zilizofanya biashara na Uskoti: moja ya bidhaa zilizoingia, nyingine ya zilizotoka. Mistari wima ya gridi iliwekwa kwa kila pauni 10,000. Mwenyewe hakuuthamini sana mchoro huo kwa sababu haukuwa na mhimili wa miaka. Leo grafu ya nguzo ni kati ya zinazotumika zaidi duniani.

Ushauri wa Watt

Kabla ya atlasi kukamilika, Playfair alimwomba James Watt maoni. Watt alimshauri achapishe pia majedwali ya namba zilizotumika. Sababu yake ilikuwa kwamba michoro peke yake inategemea uaminifu wa aliyeichora, na msomaji mwenye shaka atataka kuona namba zenyewe. Ushauri huo ulikuwa na uzito kwa sababu Watt alikuwa amefanya kazi na Playfair na alimfahamu vizuri.

Paris na mpango wa Scioto

Mwishoni mwa miaka ya 1780 Playfair alihamia Paris. Kwa maelezo yake mwenyewe, nakala ya atlasi ilikuwa imemfikia mfalme Louis XVI wa Ufaransa, naye aliielewa na kuipenda. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka mwaka 1789, mwaka ambao Mapinduzi ya Ufaransa yalianza.

Wakati huo Playfair alishirikiana na Mmarekani Joel Barlow kuuza ardhi ya Ohio kwa niaba ya kampuni ya Scioto. Wafaransa waliokuwa wakiogopa machafuko walivutiwa. Mamia yao waliuza mali zao, wakavuka bahari mwaka 1790 na kufika mahali palipoitwa Gallipolis kando ya mto Ohio. Huko waligundua kwamba hati walizonunua hazikuwa na nguvu, kwa sababu kampuni haikuwa imeilipia ardhi hiyo. Badala ya mashamba walikuta msitu. Wengine waliondoka, na waliobaki walilazimika kununua ardhi kwa mara ya pili. Mwaka 1795 Bunge la Marekani liliwapa eneo lingine kama fidia.

Playfair alilaumiwa kwamba fedha zilizopokewa Paris zilipotelea mikononi mwake. Yeye alikana. Ni kweli pia kwamba wakubwa wa kampuni upande wa Marekani walifilisika. Lakini kwa familia zilizopoteza akiba ya maisha, hati zilizouzwa Paris zilikuwa karatasi tu.

Playfair aliondoka Ufaransa mapinduzi yalipozidi kuwa makali, akawa mpinzani wake mkubwa. Mwandishi Bruce Berkowitz, katika kitabu cha mwaka 2018, anadai kwamba Playfair aliitumikia serikali ya Uingereza kwa siri na alihusika katika mpango wa kutengeneza noti bandia za Kifaransa ili kuharibu uchumi wa adui.

Benki, gereza na grafu ya duara

Mwaka 1797 Playfair na wenzake walifungua benki jijini London. Ilianguka muda mfupi baadaye, na madeni yakamfikisha katika gereza la Fleet, mahali walipowekwa wadeni. Alitoka mwaka 1802.

Katika kipindi hicho kigumu alitoa, mwaka 1801, toleo la tatu la atlasi na kitabu kipya kiitwacho The Statistical Breviary, yaani muhtasari wa takwimu za nchi za Ulaya. Humo kila nchi ilionyeshwa kwa duara ambalo eneo lake lililingana na ukubwa wa nchi. Kwa hiyo nchi yenye ukubwa mara nne ya nyingine ilikuwa na duara lenye kipenyo mara mbili tu. Duara la Milki ya Osmani liligawanywa vipande vitatu vya rangi tofauti kwa ajili ya sehemu zake za Asia, Ulaya na Afrika. Hiyo ndiyo grafu ya duara ya kwanza inayojulikana.

Upande wa kushoto wa kila duara kulikuwa na mstari wima wa idadi ya watu kwa mamilioni, na upande wa kulia mstari wa mapato ya serikali kwa mamilioni ya pauni. Mistari mlalo ya gridi ilivuka mchoro wote. Ncha za mistari miwili ziliunganishwa kwa mstari wa nukta. Ukipanda kuelekea kulia, Playfair alisema, wananchi wa nchi hiyo wanatozwa kodi nyingi. Uingereza ilionekana hivyo.

Wataalamu wa baadaye walionyesha kosa katika hoja hiyo. Mteremko wa mstari wa nukta unategemea pia upana wa duara. Nchi kubwa ina duara pana, na mstari wake unalala hata kama kodi ni ileile. Gridi ilimwezesha msomaji kusoma watu na mapato kwa usahihi, lakini mstari wa rejea uliochaguliwa vibaya ungeweza kumpotosha.

Vitabu vya baadaye

Mwaka 1805 Playfair alihariri toleo la 11 la kitabu cha Adam Smith juu ya utajiri wa mataifa, akiongeza sura zake. Mwaka huohuo alitoa kitabu juu ya sababu za mataifa tajiri kuinuka na kuanguka, chenye mchoro wa historia ya biashara ya dunia tangu zama za kale.

Hata hivyo umaskini haukumwacha. Mwaka 1816 alijaribu kupata fedha kwa vitisho kutoka kwa tajiri mmoja wa Uskoti, Lord Douglas, akidai kuwa na nyaraka za siri za familia yake. Hakufaulu. Alirudi Paris baada ya kuanguka kwa Napoleon, akahariri gazeti la Kiingereza, lakini maandishi yake kuhusu pambano la watu wawili yalisababisha ashtakiwe. Alipohukumiwa kifungo alikimbilia London.

Kazi yake mashuhuri ya mwisho ilitoka mwaka 1821, wakati wakulima wa Uingereza walipolalamika juu ya hali yao. Alichora bei ya ngano kwa nguzo na mshahara wa wiki wa fundi kwa mstari, kuanzia mwaka 1565 hadi 1821. Juu kabisa aliweka mistari ya vipindi vya wafalme na malkia, kuanzia Elizabeth I hadi George IV. Hoja yake ilikuwa kwamba ngano haikuwahi kuwa rahisi kwa mfanyakazi kama miaka hiyo. Msomaji anaona bei ikipanda na kushuka na mshahara ukipanda polepole, lakini lazima agawanye namba mwenyewe ili aone ni wiki ngapi za kazi zinanunua ngano.

Playfair alifariki London tarehe 11 Februari 1823 akiwa na umri wa miaka 63.

Urithi

Nchini Uingereza grafu zake hazikutiliwa maanani kwa miaka mingi. Wachumi wengi waliamini majedwali ya namba kuliko michoro, na sifa mbaya ya mwandishi haikusaidia. Katika bara la Ulaya zilipokelewa vizuri zaidi, na Alexander von Humboldt alimtaja na kutumia michoro ya aina hiyo. Katika miaka ya 1860 mchumi William Stanley Jevons aliifufua njia yake. Mwaka 1983 Edward Tufte alimweka katika nafasi ya heshima katika kitabu chake juu ya uonyeshaji wa takwimu, na mwaka 2005 atlasi na muhtasari wa mwaka 1801 vilichapishwa upya pamoja.

Leo programu za hesabu za kitaalamu hufanya kwa sekunde kazi iliyomchukua mchongaji siku nzima. Katika MATLAB, amri grid huweka gridi kwenye alama za mihimili, ilhali xline na yline huchora mstari mmoja wa wima au mlalo mahali ambapo mtumiaji ametaja, pamoja na maandishi yake akitaka. Maktaba ya Matplotlib ya lugha ya Python ina axvline na axhline kwa kazi hiyo, na lugha ya R ina abline. Tofauti ni ileile ya mwaka 1786. Gridi hufuata hatua zilizo sawa, kama katika mchoro wa Denmark na Norwei. Mstari wa rejea husimama penye jambo maalumu: mwaka wa vita, wastani, au kiwango ambacho hakipaswi kupitwa, kama mistari ya mchoro wa deni la taifa.

Makosa ya kuepuka ni yaleyale pia. Gridi nzito huficha takwimu, kwa hiyo huchorwa kwa rangi nyepesi na nyuma ya takwimu. Mstari wa rejea usio na jina humwacha msomaji akikisia. Na ushauri wa Watt haujapitwa na wakati: namba zilizotumika ziwepo, ili anayetilia shaka mchoro aweze kuukagua. Playfair mwenyewe hakuaminiwa na wengi waliofanya naye biashara, lakini grafu zake zinaweza kukaguliwa hadi leo kwa rula na mistari aliyoichora.